Herufi tatu mbele ya mahakama: kisa cha “van” ya Beethoven, Vienna 1818

Tarehe 11 Desemba 1818 watu watatu wa familia moja walihojiwa katika Landrecht, mahakama ya makabaila mjini Vienna. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, Karl, ambaye siku nane kabla alitoroka nyumbani kwa baba yake mkubwa akakimbilia kwa mama yake, na polisi wakamrudisha. Mwingine alikuwa mama huyo, Johanna, mjane. Wa tatu alikuwa baba mkubwa mwenyewe, Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki aliyejulikana Ulaya nzima na ambaye kufikia wakati huo masikio yake yalikuwa yamezorota hata wageni wakaanza kumwandikia daftarini yale waliyotaka kumwambia.

Shauri lilikuwa la ulezi: mtoto akae na nani. Siku saba baadaye mahakama ilitoa uamuzi, na uamuzi huo haukuwa na neno juu ya malezi. Ulihusu jina. Landrecht ilisema kwamba Ludwig van Beethoven ameshindwa kuthibitisha kuwa ni kabaila, kwa hiyo mahakama hiyo haina mamlaka juu ya shauri lake, na faili lihamishiwe Magistrat, mahakama ya manispaa iliyoshughulikia watu wa kawaida.

Majina ya Kiholanzi yanayoanza na “van”, yaani “wa” au “kutoka”, yamezoeleka masikioni mwetu, hasa kwa mpira wa miguu, na kila mara huzuka dhana kwamba mwenye jina hilo ametoka ukoo mkubwa. Katika kisa hiki dhana hiyo ilifika mahakamani, ikaulizwa waziwazi na ikajibiwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutamani jibu liwe ndiyo. Jibu lake lilimgharimu karibu mwaka mmoja na nusu wa mapambano ya kisheria.

Shauri lilivyofika mahali pasipo pake

Kaspar Karl van Beethoven, mdogo wake Ludwig, alikufa kwa kifua kikuu tarehe 15 Novemba 1815. Siku moja kabla aliandika wasia. Mwanzoni wasia huo ulimtaja Ludwig kuwa mlezi wa mtoto pamoja na mke wake, Johanna. Ludwig alipoona maneno hayo alisisitiza mama afutwe, na akafutwa. Siku hiyohiyo mgonjwa akaandika nyongeza: hataki kabisa mwanawe atolewe kwa mama yake, walee wote wawili, na Mungu awape kupatana kwa faida ya mtoto. Basi familia ikabaki na wasia wa mtu mmoja wenye kauli mbili, zote za siku moja.

Ludwig hakutaka kushirikiana. Alipeleka shauri Landrecht, mahakama ya Austria ya Chini iliyosikiliza mashauri ya makabaila, na silaha yake kubwa ilikuwa hukumu ya zamani. Mwaka 1811 Johanna alitiwa hatiani katika kesi ya mkufu wa lulu aliokuwa amekabidhiwa auuze, akapewa kifungo kilichopunguzwa baadaye. Kwa Ludwig hilo lilitosha kumaliza mjadala juu ya tabia yake. Tarehe 9 Januari 1816 mahakama ilimpa ulezi peke yake, na siku kumi baadaye akala kiapo. Karl aliingizwa katika shule ya bweni ya Giannatasio del Rio, na mwanzoni mwa 1818 akahamishiwa nyumbani kwa Ludwig.

Kwa nini Landrecht ililipokea shauri hilo? Beethoven hakuwa na hati yoyote ya ukabaila. Austria haikuwa nchi ya kubahatisha katika jambo hilo. Ukabaila ulirithiwa au ulitolewa na mfalme kwa hati yenye mhuri, na ukishatolewa mtu aliongeza “von” mbele ya jina lake. Mshairi Goethe, kwa mfano, alizaliwa Goethe tu katika familia ya mjini Frankfurt. Alipata “von” mwaka 1782 kwa hati ya Kaisari Joseph II, na kuanzia hapo ikaandikwa. Kwa karani wa Vienna, herufi hizo tatu zilikuwa muhtasari wa hati iliyopo mahali fulani kabatini.

Beethoven aliingia mji huo mwaka 1792 akiwa na herufi tatu zinazofanana nazo, zimepishana kwa irabu moja tu. Wengi walimwita “Herr von Beethoven” bila hata kutambua kuwa wamebadilisha kitu. Marafiki na wafadhili wake waliwasaidia kuamini: mwaka 1809 Mwana wa Mfalme Rudolph, ndugu yake Kaisari, pamoja na wakuu Lobkowitz na Kinsky, waliahidi kumlipa florini 4,000 kila mwaka abaki Vienna. Mtu anayekula na wakuu, anayefundisha ndugu wa Kaisari na ambaye jina lake linasikika kama lao, nani angemwomba cheti?

Swali lenyewe

Mwishoni mwa 1818 Johanna, akisaidiwa na jamaa yake Jakob Hotschevar aliyejua kuandika lugha ya mahakama, aliomba tena kushirikishwa katika maisha ya mwanawe. Ndipo wakaitwa wote watatu.

Katika mahojiano Ludwig aliulizwa mipango yake juu ya elimu ya mtoto. Akajibu kwamba angempeleka Theresianum kama mtoto angekuwa wa ukoo wa makabaila. Theresianum ilikuwa shule iliyoanzishwa na Maria Theresa mwaka 1746 kwa ajili ya vijana wa tabaka hilo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu ukoo. Alilitoa mwenyewe, katikati ya jibu juu ya shule, na mahakimu wakalidaka.

Wakamuuliza je, yeye na ndugu yake walikuwa makabaila, na kama ana hati. Alijibu kwamba “van” ni kiambishi cha Kiholanzi ambacho hakiwahusu makabaila peke yao, na kwamba hana diploma wala uthibitisho mwingine wowote. Johanna alipoulizwa kama marehemu mumewe alikuwa kabaila alijibu kuwa ndivyo ndugu hao walivyosema, kwamba hati zilisemekana kuwa kwa kaka mkubwa, mtunzi, na kwamba hata mumewe alipofariki uthibitisho huo uliwahi kudaiwa. Yeye mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote.

Majibu hayo mawili yakisomwa pamoja yanaonyesha mengi. Nyumbani, ndugu hao walikuwa wakilisema jambo hilo, au walau hawakulikana. Mbele ya hakimu, mkubwa wao alisema ukweli bila kupinda. Iko simulizi maarufu kwamba Beethoven alipoulizwa juu ya ukabaila wake alionyesha kichwa chake na moyo wake, akasema uko hapa na hapa. Imetoka kwa Anton Schindler, katibu wake wa miaka ya mwisho, ambaye baadaye ilibainika kuwa aliingiza maneno yake mwenyewe katika daftari za mazungumzo za Beethoven. Kumbukumbu za mahojiano zina jibu lisilo na mbwembwe, na mimi nalipenda zaidi. Ni maelezo sahihi kabisa ya desturi ya majina ya nchi za Uholanzi na Flanders, yakitolewa na mtu aliyejua kwamba yanamwangusha.

Jina lilitoka wapi

Babu yake mtunzi aliitwa Lodewijk van Beethoven. Alibatizwa Mechelen, katika Brabant, Ubelgiji ya leo, mwezi Januari 1712. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito. Aliimba Leuven, kisha Liège, na mwaka 1733 akachukuliwa katika kwaya ya Askofu Mkuu wa Köln, aliyekuwa na ikulu yake mjini Bonn. Alipanda hadi kuwa kiongozi wa muziki wa ikulu mwaka 1761. Baba wa Lodewijk, Michiel, alikuwa mwoka mikate wa Mechelen aliyejiingiza katika biashara ya lesi na michoro, akafilisika na kuwakimbia wadai wake hadi Bonn. Ukirudi nyuma zaidi unakuta wakulima wa vijiji vilivyo kati ya Mechelen na Leuven, kama Kampenhout. Mmoja wao, Josyne, mke wa Aert van Beethoven, alichomwa moto Brussels mwaka 1595 akituhumiwa uchawi. Katika watu hao wote hayupo aliyemiliki kijiji.

Tena, Beethoven si jina la Mechelen wala la Kampenhout. Wataalamu wa majina ya ukoo wanaelekeza mashariki zaidi, kwenye kijiji cha Bettenhoven karibu na mji wa Waremme, mkoa wa Liège wa leo, mpakani mwa lugha ya Kiholanzi na Kifaransa. Kwa Kifaransa kijiji hicho huitwa Bettincourt. “Hoven” ni wingi wa “hof”, yaani boma la shamba pamoja na nyumba na maghala yake, na “court” ya Kifaransa cha zamani ilikuwa na maana hiyohiyo. Sehemu ya mbele ni jina la mtu wa zama za kale, Betto, au ukoo wake. Ni maboma ya kina Betto.

Hapa kuna hadithi nyingine inayosimuliwa sana, kwamba Beethoven maana yake ni shamba la viazisukari. Inaeleweka ilivyozaliwa, kwa sababu neno la Kiholanzi la mmea huo linafanana na silabi ya kwanza, na anayepita leo katika Haspengouw, tambarare za upande huo wa Waremme, anaona viazisukari ekari kwa ekari. Lakini sukari iliyomo ndani ya mmea huo iligunduliwa na mkemia Marggraf mwaka 1747, na kiwanda cha kwanza cha kuitengeneza kilianza mwanzoni mwa karne ya 19. Mkulima wa Brabant wa miaka ya 1500 hakuishi katikati ya mashamba hayo. Kosa ni lilelile la karani wa Vienna. Msikilizaji amechukua jina la mahali asipopajua, akalijaza kwa kile anachokijua.

Sasa tuangalie jinsi jina kama hilo linavyompata mtu, maana hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Ndani ya Bettenhoven hakuna aliyehitaji kuitwa “wa Bettenhoven”. Wote walikuwa wa hapo. Watu walitofautishwa kwa jina la baba, kwa kazi, kwa wekundu wa nywele au kwa ufupi wa kimo. Mtu akihama kwenda kijiji kingine, na huko wako kina Jan wanne, huyu anakuwa Jan van Bettenhoven. Wanaompa jina ni wenyeji wapya. Jina hilo linasema mambo mawili tu, kwamba ametoka kule na kwamba hapa ni mgeni.

Mwanzoni lingeweza kufa na mwenyewe. Lililolishikilia ni uandishi. Makarani wa miji waliandika mikataba, kodi na madeni, na baada ya Mtaguso wa Trento kumalizika mwaka 1563 parokia za Kikatoliki zilitakiwa kutunza vitabu vya ubatizo na ndoa. Mtoto akabatizwa kwa jina la ukoo la baba yake, ingawa yeye hajawahi kukanyaga Bettenhoven, naye akampa mwanawe. Tahajia ilifuata sikio la mwandishi. Bonn kwenyewe majalada ya ikulu yana Biethoffen, Betthoven na nyinginezo kwa watu walewale. Kufikia 1712, wakati Lodewijk anabatizwa, jina lilikuwa limeshapoteza kila uhusiano na kijiji isipokuwa sauti.

Kaskazini, katika Uholanzi ya leo, mambo yalichelewa zaidi. Napoleon alitoa amri tarehe 18 Agosti 1811 kwamba kila mtu asiye na jina la ukoo la kudumu alichague na kuliandikisha. Husemwa kwamba Waholanzi walimkebehi kwa kujiandikisha majina ya kuchekesha, na mfano unaotolewa kila mara ni Naaktgeboren, “aliyezaliwa uchi”. Jina hilo ni la kale kuliko amri hiyo, na inaelekea lilitokana na neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Wengi walikuwa na majina tayari. Waliokosa walikuwa zaidi wa mikoa ya kaskazini kama Friesland na Groningen, pamoja na Wayahudi.

Van ni nyingi mno kuwa za makabaila

Hakimu wa Landrecht angepewa orodha ya walipakodi wa mji wowote wa Brabant, suala lingekwisha kabla ya chai. Kila mwoka mikate na kila mfuma nguo wa pili ni van. Hata leo Van den Berg na Van Dijk yamo kati ya majina kumi yenye watu wengi zaidi Uholanzi. La kwanza linamtaja mtu wa mlimani, katika nchi ambayo kimwinuko cha mchanga kinatosha kuitwa mlima. La pili linamtaja aliyekaa kwenye tuta la kuzuia maji. Hayo hayakuhitaji hata kijiji. Palitosha mahali penye alama: daraja, ziwa, kinu, kona ya barabara. Mengine yamebanwa hadi “van der” ikawa “Ver”, kama katika Vermeer, wa ziwani, au Verbruggen, wa madarajani.

Mchezaji mpira Ruud van Nistelrooy amebeba kijiji cha Nistelrode, Brabant Kaskazini, na yeye mwenyewe alizaliwa Oss, mji jirani kabisa. Umbali ambao jina lake limesafiri ni wa kutembea asubuhi moja. Mwisho wake, “rooy” au “rode”, ni eneo la msitu uliofyekwa ili palimwe, na Brabant ina vijiji vingi vya namna hiyo vilivyozaliwa kwa shoka katika zama za kati. Van Gogh ni wa Goch, mji uliopo leo upande wa Ujerumani, karibu na mpaka.

Mashariki, Achterhoek na Twente, desturi ilikuwa ya ajabu zaidi, na inanivutia kuliko zote. Huko jina lilikuwa la shamba, na aliyehamia shambani alilichukua. Mwanamume akioa binti mrithi wa boma, yeye ndiye aliyebadilisha jina, na watoto wakafuata la boma. Majina yanayoishia “-ink” mengi ni ya mashamba hayo. Kocha wa mpira Guus Hiddink ni mtoto wa Varsseveld, katikati ya eneo hilo.

Sisemi kwamba kabaila wa Uholanzi hana “van”. Anayo, lakini imetokana na kumiliki mahali, na kinachomtambulisha ni cheo: jonkheer, baron, graaf. Herufi tatu peke yake hazimtofautishi na muuza samaki. Ushahidi mzuri ni wa tarehe 26 Februari 1986, katika Elfstedentocht, safari ya kuteleza juu ya barafu karibu kilomita 200 kupitia miji kumi na mmoja ya Friesland. Kati ya maelfu ya washiriki alikuwemo kijana aliyejiandikisha kwa jina W.A. van Buren. Alikuwa Willem-Alexander, mrithi wa kiti cha enzi wakati huo na mfalme sasa. Graaf wa Buren ni moja ya vyeo halisi vya nasaba yake. Mwana wa malkia alitaka kujificha kati ya watu wa kawaida, akachagua “van” na jina la mji, na hakukuwa na jina la kawaida kuliko hilo. Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, alilipata la kwake kwa njia nyingine kabisa. Mzee wao Cornelis Maessen alivuka bahari mwaka 1631 kutoka Buurmalsen, kijiji kilicho jirani na Buren, na ni mwanawe aliyeanza kutumia Van Buren huko ng’ambo. Mji mmoja, mfalme na wazao wa mkulima, na maandishi hayawatenganishi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuwasamehe makarani wa Vienna. Mechelen haikuwa nchi ngeni kwao. Baada ya vita vya urithi wa Uhispania mikoa hiyo ya kusini iliingia mikononi mwa nasaba ya Habsburg ya Austria, ikatawaliwa kutoka Vienna hadi Wafaransa walipoiteka miaka ya 1790. Kwa takriban miaka themanini barua, kodi na malalamiko ya watu walioitwa van hivi na van vile vilipita katika ofisi za serikali hiyohiyo. Mtu wa kueleza desturi hiyo angepatikana bila kuhangaika.

Gharama na nani aliilipa

Uamuzi wa tarehe 18 Desemba 1818 ulimchoma Beethoven. Ukiweka kando hasira yake, ulimchoma kwa sababu halisi pia. Landrecht ilikuwa imemsikiliza kwa hisani. Magistrat ilimtazama kama baba mkubwa kiziwi, asiyeoa, mwenye hasira za ghafla, aliyemtenga mama na mwanawe. Alipotaka kumpeleka Karl shule ya Landshut, Bavaria, mwaka 1819, mamlaka zilimnyima mtoto hati ya kusafiria. Ilimlazimu kuuachia ulezi Matthias von Tuscher, afisa wa manispaa, ambaye naye alichoka baada ya miezi michache. Septemba 1819 Magistrat ilimrudishia Johanna ulezi, akiwa na msaidizi aliyeitwa Leopold Nussböck.

Beethoven alikwenda rufaa akiwa na wakili Johann Baptist Bach, akaandika waraka mrefu wa kujieleza mwezi Februari 1820, na tarehe 8 Aprili mwaka huo mahakama ya rufaa ikampa ushindi: ulezi ukarudi kwake, akisaidiana na Karl Peters kama mlezi mwenza. Johanna alimwandikia Kaisari. Akakataliwa.

Wengi wanaoandika kisa hiki humwonea Beethoven huruma kwa kuaibishwa mbele ya mahakimu. Mimi naona aliyelipa zaidi ni Johanna. Kuanzia Januari 1816 hadi Desemba 1818 alinyang’anywa mwanawe kwa maamuzi ya mahakama ambayo haikupaswa kumsikiliza kabisa, na iliyomsikiliza shemeji yake kwa sababu ya irabu moja iliyosomwa vibaya. Kama shauri lingefunguliwa Magistrat tangu 1815, mahali pake halali, kuna kila dalili kwamba nyongeza ya wasia ingepewa uzito wake na mtoto angekaa na mama. Hukumu ya 1811 ilikuwa ya kweli, na sipendi kuifunika. Lakini marehemu mumewe aliijua alipoandika kwamba hataki mwanawe atolewe kwake.

Na je, Beethoven alidanganya? Sijaona mahali alipojiita kabaila kwa maandishi. Alichofanya ni kunyamaza, na katika jambo hili kunyamaza kulikuwa desturi yake ya muda mrefu. Kamusi elezo za wakati huo zilichapisha kwamba alikuwa mwana wa nje wa ndoa wa mfalme wa Prussia. Uvumi huo ulimvunjia heshima mama yake mzazi, na marafiki walimsihi aukanushe. Aliuacha uenee miaka na miaka. Hadi Desemba 1826, akiwa mgonjwa kitandani, ndipo alipomwandikia Wegeler, rafiki wa utotoni, na kumpa ruhusa ya kuutangazia ulimwengu uadilifu wa wazazi wake, hasa mama. Alikufa Machi iliyofuata. Mtu aliyevumilia uvumi wa namna hiyo hangepata shida kuvumilia “Herr von Beethoven” kwenye bahasha.

Hata hivyo, mbele ya mahakimu alipoulizwa swali la moja kwa moja, alijibu kama mjukuu wa Mechelen. Angeweza kudai hati zimepotea vitani, na Wafaransa walikuwa wameunguza na kutawanya majalada ya kutosha kulifanya dai hilo liaminike. Hakufanya hivyo. Kati ya matendo yake yote katika shauri lile la miaka mitano, hilo ndilo ninaloliheshimu bila masharti.

Karl alikua, mwaka 1826 akajaribu kujiua kwa bastola akapona, akaingia jeshini, akaoa, akafa 1858. Alikuwa na mwana mmoja, aliyezaliwa 1839 na kuitwa Ludwig. Huyu alihamia Munich, akajitambulisha kuwa baroni na mjukuu wa mtunzi, akajipatia fadhila za mfalme wa Bavaria kwa kupendekezwa na mtunzi Richard Wagner. Alipogundulika alitorokea Marekani, na mwaka 1872 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa ulaghai akiwa hayupo. Huko Marekani alitumia jina Louis von Hoven. Kijiji alikiondoa nusu, na mbele yake akaweka ile “von” ambayo baba mkubwa wa baba yake alikiri mahakamani kwamba hawakuwa nayo. Mwanawe, Karl Julius, mwandishi wa habari, alifariki Vienna mwaka 1917 bila mtoto, na tawi hilo la ukoo likaishia hapo.